Kichuguu cha Ngosha

Nyoka anayefugwa hana madai mengi. Anataka joto analoweza kulisogelea na kuliacha, maji safi, mlo kwa muda wake, na mahali pa kujificha. Matatu ya mwanzo wafugaji wengi huyatimiza bila shida. Hilo la nne ndilo linalogeuzwa pambo. Mtu anakwenda dukani, ananunua fuvu la kauri lenye matundu ya macho, pua na mdomo, au gogo lililo wazi huku na huku, kwa sababu anataka kumtazama mnyama aliyemtolea pesa. Nyoka aliyewekwa humo anaonekana vizuri sana, na anashinda mchana kutwa kwa hofu.

Naandika kutetea maficho ya kweli, na kueleza namna nilivyomtengenezea chatu wetu ya kwake kwa mikono yangu, hapa St. Paul, Minnesota, Marekani. Kazi yenyewe haihitaji ufundi mkubwa. Inahitaji ukubali jambo moja kabla hujashika kisu: unajenga kwa ajili ya mwili ulio gizani, na macho yako wewe yanakuja baadaye.

Chatu wetu ni dume, anaitwa Ngosha. Jina alimpa binti yangu, kwa kuwa ndivyo rafiki zangu Watanzania wanavyoniita mimi, Msukuma wao. Alikuja kwetu kutoka kwa mfanyakazi mwenzangu ambaye mwanawe alihamia chuoni na bweni lao halikuruhusu wanyama. Alikuja na kizimba chake cha kioo, bakuli la maji, taa, na lile fuvu la kauri. Alikuja pia na sifa ya kususa chakula. Tulimkuta amejibana nyuma ya bakuli, kichwa amekizamisha katikati ya mikunjo ya mwili wake, na hilo fuvu limesimama pembeni bila mgeni.

Ili umwelewe, lazima ujue kwao. Ngosha ni Python regius, chatu mfupi ambaye makazi yake yanaanzia Senegali, yanapita Ghana, Togo, Benin na Nigeria, na kufika hadi kaskazini magharibi mwa Uganda na Sudan Kusini. Si yule chatu mkubwa tunayemjua Tanzania, ambaye anaweza kupita mita nne na kumeza swala. Dume wa aina hii akikua huwa na urefu wa mita moja hivi, jike humzidi. Hana sumu. Akiogopa haumi, kwa kawaida. Hujikunja akawa donge na kukificha kichwa ndani. Mchana hukaa ardhini, kwenye mashimo ya panya na ndani ya vichuguu, usiku ndipo hutoka kuwinda. Kwa hiyo nusu ya maisha yake, au zaidi, anaipitisha akiwa amegusana na udongo juu, chini na ubavuni. Kule Ouidah, nchini Benin, kuna hekalu maarufu ambamo chatu hawa wanaheshimiwa, na akionekana mmoja anatambaa mjini watu humwokota taratibu na kumrudisha. Kwingineko katika ukanda huo huo, wachimbaji huwafuata mashimoni msimu wa ukame, wakachukua majike wenye mayai na mayai yenyewe, yakatotolewa na watoto wakasafirishwa Ulaya na Marekani. Aina hii iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, maana yake biashara yake ya kimataifa inaruhusiwa kwa vibali tu. Wengi wanaouzwa Marekani siku hizi wamezaliwa vizimbani, lakini miili yao haikubadilika. Mtoto aliyeanguliwa kwenye sanduku la plastiki huko Texas bado anatafuta shimo.

Wazo la kichuguu nililipata kwa mama. Tulikuwa kwenye simu, kwetu usiku, kwake Magu, mkoani Mwanza, asubuhi, na habari za nyoka zilikuwa zimeshamfikia kupitia kwa dada.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Nasikia mmeingiza nyoka ndani ya nyumba, na mtoto yumo."

Nilimweleza kwamba hana sumu, kwamba anafungiwa, kwamba mtoto hamshiki peke yake. Alinyamaza kidogo. Mama amewahi kumkuta swila kwenye banda la kuku, na amemzika jirani aliyeumwa shambani, basi sikuwa na haki ya kuichukulia hofu yake kijuujuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na ni mwaka 2017 tu ndipo shirika hilo lilipouweka mzigo huu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nasi tuliokulia huko tunajua kwa nini.

Lakini mama ni Msukuma pia, na Usukumani tuna Bayeye, chama cha siku nyingi cha mafundi wa nyoka, wanaojua dawa za sumu na wanaocheza na nyoka hai uwanjani. Alipomaliza kuniombea, akauliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyeniuliza, si daktari wa mifugo wala muuza duka.

"Sasa analala wapi?"

Nikamwambia analala nyuma ya bakuli la maji.

"Chatu wa kwetu alikuwa anakaa kwenye kile kichuguu cha nyuma ya shamba la pamba. Hata kiangazi kikali ukitia mkono ndani udongo una unyevu. Mtafutie kichuguu."

Nilifungua kompyuta usiku uleule, na nilichokikuta kilimpa mama haki yote. Vichuguu vikubwa vya mchwa wanaolima kuvu hushikilia joto la karibu nyuzi 30 na unyevu mwingi ndani, hata nje kukiwa na ukame. Nyoka aingiapo humo anapata giza, anapata kuta za kumbana, anapata hewa isiyomkausha ngozi. Minnesota ndiyo kinyume cha hayo yote. Januari nje huweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa mpaka midomo inapasuka. Kipima unyevu nilichoning'iniza kizimbani kilisoma asilimia 30 tu. Chatu wa aina hii anahitaji walau 55 hadi 65, na zaidi ya hapo anapokaribia kujivua gamba. Hewa ikiwa kavu, gamba hukatikakatika vipande, na vile vifuniko vyembamba vinavyofunika macho hubaki vimeng'ang'ania. Jicho la nyoka halina kope. Kifuniko hicho ni sehemu ya gamba, na kinatakiwa kutoka pamoja nalo.

Kabla ya kichuguu, Ngosha alihitaji maficho usiku huohuo, na hapa nataka msomaji mwenye nyoka mpya asikie vizuri: usisubiri mpaka uwe fundi. Boksi la kadi la unga wa nafaka, lililopinduliwa chini juu na kukatwa mlango mmoja upande mfupi, ni maficho halali. Ni la bure, lina giza, na likichafuka unalitupa. Ondoa tu gundi ya utepe na pini zote. Utepe wa gundi usiingie kizimbani kamwe, hata kipande cha ukubwa wa kucha. Ukinata kwenye magamba ya tumbo utaondoka na ngozi. Kwa nyoka mchanga aliyetoka kuanguliwa, kifuu cha nazi kilichosuguliwa kwa msasa na kuchongwa mlango ukingoni kinatosha kabisa kwa miezi ya mwanzo, na nimeona wafugaji wa hapa wakikinunua kwa bei ambayo ingewashangaza watu wa Bagamoyo. Chungu cha maua kilicholazwa na kuzikwa nusu nacho kizuri, ila lile tundu la kutolea maji chini yake lazima lizibwe, kwa sababu nyoka hupenyeza kichwa kwenye tundu lolote linalokipokea, kisha mwili ukakwama.

Ngosha aliingia kwenye boksi la kadi usiku wa kwanza. Nilimtazama nikiwa nimezima taa ya chumba. Alifika mlangoni, akaweka kidevu ukingoni, akatoa ulimi mara nyingi, taratibu, akiuelekeza juu kisha chini. Pembeni ya mdomo wa juu chatu ana vitundu vidogo vinavyohisi joto la viumbe. Nadhani alikuwa anahakikisha kwamba hakuna mwenyeji. Kisha akaingia bila kusimama tena, mwili wote ukamfuata kichwa, na mkia ulipotoweka boksi lilitikisika mara moja alipojikunja na kusukuma kuta. Alikuwa anapima. Nyoka hatulii mahali ambapo mwili wake haugusi kitu. Ukimpa pango kubwa umempa chumba, naye hakuomba chumba.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha maficho ni nyoka mwenyewe akiwa amejikunja. Nilisubiri atulie kwenye kona, nikaweka rula juu ya kioo: duara lake lilikuwa sentimita 22 hivi. Nikaamua ndani ya kichuguu pawe na upana wa sentimita 25 na kimo cha sentimita 9. Kimo ndicho watu hukikosea zaidi, wakijenga juu kwa sababu inapendeza. Dari inatakiwa iguse mgongo wake au ikaribie kuugusa.

Nilichagua sponji ngumu ya kuhami joto, ile ya rangi ya waridi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa mabamba ya unene wa sentimita 2.5. Mbao niliziacha. Mwerezi haufai kabisa, mafuta yake ya harufu ni sumu kwa nyoka, na msonobari wa kawaida una shaka hiyohiyo. Mbao nyingine zinakubalika lakini zikikaa kwenye unyevu zinaota ukungu na kuoza. Saruji tupu inawezekana, ila ni nzito, na uzito una hatari yake. Chatu hupenda kuchimba chini ya kitu. Maficho mazito yakikaa juu ya makumbi yaliyosagwa badala ya kukaa kwenye sakafu yenyewe, siku moja yatamlalia. Chochote kizito kiguse sakafu kwanza, matandiko yafuate kuzunguka.

Nilikata sponji kwa kisu cha wembe, pete nne na kipande kimoja kizima cha kuezekea. Pete nilizipanga moja juu ya nyingine na kuzigandisha kwa silikoni ya kawaida isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni hiyo hutoa harufu ya siki mpaka ikomae, na hapo pua yako ndiyo kipimo: harufu ikiwepo, kazi haijaisha. Kisha nikachonga nje, nikiinamisha kuta, nikiacha vinundu na mifereji, nikikumbuka kile kichuguu cha Magu ambacho sisi watoto tulikuwa tunavizia kumbikumbi kikiwatoa baada ya mvua za kwanza. Binti yangu alisugua kwa msasa. Vumbi la sponji ni jepesi na linaingia kifuani, kwa hiyo tulivaa barakoa na tulifanya kazi kwenye chumba cha chini ya nyumba, maana gereji ya Minnesota wakati wa baridi ni friji, na grauti haikomai kwenye baridi ya namna hiyo.

Mlango ulinichukua muda kuliko yote. Ni mmoja tu. Maficho yenye milango miwili ni njia ya kupita, na nyoka anayejua kuwa nyuma yake kuko wazi hatulii. Upana niliuweka sentimita 7, unene wa mwili wake na ziada kidogo, kwa sababu chatu aliyekula huongezeka tumbo, na mlango uliomruhusu kuingia na njaa usije ukamkataa akiwa ameshiba. Ukingo niliuviringisha kwa msasa laini, nikaufunika kwa grauti, nikausugua tena. Kuupima ni rahisi: chukua soksi ya nailoni ya kike, ivute juu ya ukingo mzima, ndani na nje. Mahali soksi inaponasa, gamba litanasa. Nilivuta soksi hiyo pia juu ya dari ya ndani, mahali ambapo hakuna mgeni yeyote atakayepaona, na ndiko nilikokuta vinundu vingi zaidi.

Juu ya sponji nilipaka grauti, ile ya kuzibia katikati ya vigae. Tabaka la kwanza nililikoroga likawa laini kama uji wa mgonjwa, ili liingie kwenye kila kitundu. Likikauka siku nzima, linafuata la pili zito kidogo, kisha la tatu nililochanganya na mchanga safi na rangi ya unga ya udongo mwekundu. Kati ya tabaka na tabaka nilinyunyiza maji, kwa kuwa grauti inayokauka haraka hupasuka. Ndani nilipaka vilevile. Kuna wanaoacha sponji wazi kwa ndani wakisema hakuna atakayeona. Nyoka atajisugua humo kila anapojivua gamba, na punje zake zitamganda tumboni. Mwisho nikapaka vanishi ya maji, mikono mitatu, ndani na nje, ili unyevu usiingie kwenye grauti na ili niweze kuosha. Halafu nikangoja. Kopo linasema saa chache, lakini maneno ya kopo yanahusu kukauka kwa mkono wa mtu. Nyoka analala humo akivuta hewa hiyohiyo usiku na mchana kwenye joto. Niliacha kichuguu mahali penye hewa kwa wiki kadhaa, mpaka nilipotia kichwa karibu na mlango na kutosikia chochote zaidi ya ubaridi wa udongo.

Kichuguu hakina sakafu yake. Kinakaa juu ya sahani ya chungu cha maua, ya udongo usiopakwa rangi, iliyojaa sfagnamu, mimea laini ya kinamasi inayouzwa ikiwa imekaushwa. Unailoweka, unaikamua kwa nguvu zote mpaka isidondoshe hata tone, kisha unaitandika. Ikidondosha maji ni mbaya, maana tumbo la nyoka likilala kwenye majimaji magamba yanaoza. Kukosa sakafu kuna faida nyingine ambayo ni kubwa kuliko ya usafi: ukitaka kumtoa nyoka, unanyanyua paa lake. Humvuti. Kumvuta nyoka kutoka shimoni kunampa sababu ya kukuona adui, na akijibana kwa nguvu mbavu zake zinaweza kuumia.

Sasa habari ya joto, ambayo imewachanganya wengi. Sponji inahami. Ukiweka kichuguu cha sponji chini ya taa, paa litapata moto na ndani patabaki vilevile, kwa hiyo joto la humo lazima litoke chini. Kizimba chetu kina urefu wa sentimita 120, na upande mmoja nimeweka mkeka wa joto chini ya kioo, umeunganishwa na thamostati, kifaa kinachozuia joto lisipite kiwango ulichokipanga. Mkeka bila thamostati sipendi hata kuuzungumzia. Nyoka hachelewi kuhisi ubaridi lakini anaweza kulala juu ya sakafu inayomchoma tumbo bila kuondoka, na madaktari wa wanyama wanayajua majeraha hayo. Juu ya mkeka kuna maficho makavu ya joto, kijisanduku cheusi cha plastiki nyembamba kilichopinduliwa, na sakafu yake inasoma nyuzi 32. Upande wa mbali kuna kingine kinachofanana nacho, nyuzi 25. Kichuguu kiko katikati, kimekanyaga ukingo wa mkeka, na ndani yake huwa nyuzi 28 au 29 na unyevu unapita asilimia 80. Vitundu viwili vya milimita 6 nyuma yake vinapitisha hewa na waya wa kipimajoto.

Maficho mawili makavu ni ya lazima kabla hujafikiria la tatu. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Analipata kwa kuhama. Ukimpa maficho upande mmoja tu, unamlazimisha achague kati ya joto na usalama, naye karibu kila mara atachagua usalama, akae kwenye baridi na chakula kisisagike tumboni. Mengi yanayoitwa "nyoka mkaidi, hataki kula" yanaanzia hapo. Chatu wa aina hii husifika kwa kufunga kula hata miezi, na dume wakati wa msimu wa kupandana hufunga akiwa mzima kabisa, kwa hiyo siwezi kudai kwamba kichuguu pekee ndicho kilichomfungua Ngosha mdomo. Tulirekebisha thamostati, tukatoa lile fuvu, tukamwacha bila kumshikashika, yote kwa wakati mmoja. Ninachoweza kusema ni kwamba alianza kula tena akiwa ndani ya maficho, kichwa kikiwa mlangoni tu, akampokea panya wa kwenye friza aliyeyeyushwa na kupashwa joto, akarudi naye gizani kummezea huko.

Gamba ndilo lililoniridhisha zaidi. Nyoka anapokaribia kujivua, rangi yake hufifia na macho hugeuka buluu yenye ukungu. Siku hizo Ngosha alihamia kwenye kichuguu na hakutoka. Macho yakatakata tena, kama kawaida ya hatua hiyo, na baada ya muda tukakuta gamba limelala mlangoni, limegeuzwa ndani nje kwa urefu wote, kutoka puani hadi ncha ya mkia. Binti yangu alilitandaza kwenye gazeti na kuliangalia kwa kioo cha kukuzia. Vifuniko vya macho vyote viwili vilikuwemo, vya mviringo, vinapitisha mwanga. Alinionyesha pia jinsi magamba ya tumboni yalivyo mapana na ya mgongoni yalivyo madogo, na tulizungumza jioni nzima kuhusu jinsi nyoka anavyotumia yale mapana kujisukuma.

Usafi una utaratibu wake. Sfagnamu naibadilisha kabla haijaanza kunuka, kichuguu nakiosha kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyozimuliwa, nakisuuza na kukikausha. Siyaoshi maficho yote siku moja. Nyoka anasoma nyumba yake kwa ulimi, na ukiifuta harufu yake pote kwa mpigo umemhamisha bila kumhamisha. Vyombo vya nyoka haviingii kwenye sinki la jikoni. Reptilia wanaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, wakiwa wazima wenyewe, kwa hiyo tunavioshea kwenye beseni lake, na mikono inaoshwa kwa sabuni kila mara, hasa ya mtoto. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano ifikirie mara mbili kabla ya kumchukua mnyama wa aina hii.

Kuna ndugu wa Dar es Salaam na Mombasa wananiandikia wakiona picha, wanataka kumchukua nyoka wa porini wamfuge. Jibu langu ni hapana, na nalisema kwa upendo. Tanzania wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, Kenya na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na kumweka mnyamapori bila kibali ni kosa. Zaidi ya sheria, nyoka unayemdhania hana sumu anaweza kuwa nayo. Mwenye hamu aende Nairobi, kwenye bustani ya nyoka iliyo ndani ya Makumbusho ya Taifa, au Watamu kwenye kituo cha nyoka cha Bio-Ken, au kwenye bustani ya nyoka ya Meserani karibu na Arusha. Aangalie kwa makini, kwenye kila kizimba, nyoka yuko wapi. Karibu wote watakuwa wamejibana kwenye kona au chini ya gogo, na watunzaji wao watamweleza sababu vizuri kuliko mimi.

Kazi inayofuata iko mezani tayari. Watafiti waliowachunguza chatu hawa kusini mashariki mwa Nigeria waliona kwamba madume hupanda miti kuliko majike, na hula ndege kwa wingi zaidi. Ngosha naye usiku hupanda kwenye tawi na kusukuma kona ya juu ya kizimba kwa pua. Nimeshakata sponji ya rafu ya juu, yenye maficho membamba marefu badala ya duara, kwa sababu akiwa juu huwa hajikunji donge, hujilaza amejinyoosha nusu. Bado naamua namna ya kuifunga ukutani: inapaswa ibebe kilo moja na nusu ya nyoka anayejisukuma, isitumie gundi ya utepe popote, na iweze kushushwa kwa mkono mmoja. Nikipata skrubu za plastiki zisizoshika kutu nitaanza kupaka grauti wikiendi hii, na soksi ya nailoni ninayo bado.